Baba Naye Ana Kifua

 

Mwezi huu nilikusudia kuandika juu ya kumwachisha mtoto ziwa, kama nilivyoahidi. Lakini kuna jambo lililotokea katika kikao cha kina mama wa usharika wetu ambalo limenikaa moyoni, nami naona nisiliache lipoe. Tulikuwa tumemaliza somo, tunakunywa chai, ndipo mama mmoja akasema kwa utani, "Mume wangu ni mtu mwema jamani. Halewi, ada analipa, kanisani hakosi. Lakini watoto wakisikia pikipiki yake inaingia uani, wanatawanyika kama vifaranga walioona mwewe." Tukacheka sana. Mwingine akadakia kwamba kwake hata televisheni hujizima. Tukacheka tena. Kisha mama mmoja mtu mzima, mjane, akauliza taratibu, "Na ninyi mnapenda iwe hivyo?" Chai tuliendelea kunywa, lakini kicheko kilikatika.

Swali lile nimekwenda nalo mpaka kazini. Mimi hufanya kazi katika wodi ya watoto wachanga, na huko nimewaona kina baba kwa namna ambayo nyumbani hatuwaoni. Niruhusu nikusimulie habari za mmoja wao. Jina lake sitalitaja, wala mahali.

Alifika usiku. Mkewe alikuwa ameletwa na gari la wagonjwa akiwa na kifafa cha mimba, akafanyiwa upasuaji haraka ili kuokoa maisha yake na ya mtoto. Alizaliwa mtoto wa kike, njiti, gramu 1,450. Mama akapelekwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, hana fahamu. Hapakuwa na bibi wala shangazi, kwani ndugu wote walikuwa mkoa mwingine na wangefika kesho yake jioni. Yule baba alikuwa fundi muashi. Nguo za kazi zilikuwa bado mwilini, saruji imekauka kwenye kucha. Akasimama mlangoni pa wodi yetu, kofia mkononi.

Nami, niseme kweli, nikamfukuza. "Baba, humu ni kwa kina mama. Subiri pale nje kwenye benchi." Sikusema kwa ukali. Nilisema kwa mazoea, kama nilivyokwisha kuwaambia kina baba wengi kabla yake bila hata kuwatazama usoni.

Usiku ule watoto walikuwa wengi kuliko nafasi. Kitanda chetu cha joto kililaza watoto watatu, jambo ambalo muuguzi yeyote atakuambia si jema, kwa kuwa ni rahisi kuambukizana. Nilimpima joto yule mtoto wa fundi nikakuta nyuzi 35.6. Mtoto mchanga anatakiwa awe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Njiti akishuka chini ya hapo hutumia akiba yake yote ndogo kujipasha moto, sukari mwilini inapungua, na hata kupumua kunamwia kazi nzito. Kina mama waliokuwamo kila mmoja alikuwa na wake kifuani. Ndipo nikamkumbuka yule mtu wa kwenye benchi.

Nikamwita, nikamwambia anawe kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kisha avue shati. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Sista, mikono yangu hii ni ya kushika matofali. Nitamuumiza." Nikamjibu kwamba mikono haina kazi kubwa, ninachohitaji ni kifua. Tukamweka mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, amevaa kofia, soksi na nepi tu, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande ili apumue vizuri. Tukamfunga kwa khanga ya mama yake tuliyoikuta kwenye mfuko wa nguo, juu tukaweka blanketi. Yule baba alikaa amekakamaa kama nguzo, nadhani hata kupumua alikuwa anaogopa. Baada ya saa moja nikapima tena, nikapata nyuzi 36.4. Saa nane za usiku ilikuwa 36.8, naye alikuwa amelegea, anaongea na mtoto kwa sauti ya chini. Alikuwa anamtajia majina ya kaka zake, na mbuzi walionao, na kwamba nyumba bado haijapigwa lipu lakini itapigwa.

Alfajiri nilipopita kumtazama akaniambia neno ambalo sijalisahau. "Sista, huyu ni wa nne. Wale watatu sikuwahi kuwashika wakiwa hivi. Niliambiwa mwanamume hashiki mtoto ambaye shingo haijakaza. Mama yangu alisema hivyo, na mke wangu naye, kila nikinyoosha mkono ananiambia utamwangusha. Basi nikaacha."

Alimbeba siku tatu, akipokezana na shemeji yake baada ya kufika, mpaka mama alipopata fahamu na nguvu za kumpokea. Siku ya kumkabidhi, yule mama alimtazama mumewe akauliza, "Umemwezaje?" Hakujibu. Alikuwa anahangaika kumwonyesha jinsi khanga inavyofungwa.

Njia hii tunaiita ya kangaruu, kwa mfano wa yule mnyama wa Australia anayembeba mtoto wake kwenye mfuko wa tumbo. Ilianza mwaka 1978 mjini Bogotá, nchini Colombia, kwa daktari aitwaye Edgar Rey, ambaye hospitali yake ilikuwa na njiti wengi na mashine za joto chache. Ilianza kwa sababu ya uhaba, lakini leo hakuna anayeiita dawa ya maskini. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, kwa watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Katika kila watoto 100 walioanza kubebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, 12 walifariki katika siku 28 za kwanza. Kwa wale waliosubiri kwanza hali yao itulie, walifariki karibu 16. Na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba mtoto njiti au mwenye uzito mdogo abebwe hivyo mapema iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku. Sasa niambie, mama gani aliyetoka kupasuliwa ataweza saa hizo zote peke yake? Ndiyo maana siku hizi tunawaita baba, bibi na shangazi. Kifua cha baba kina joto lile lile. Maziwa tu ndiyo hana.

Sisi Waswahili tukisema mtu ana kifua, maana yake anajua kutunza siri na kustahimili mambo. Tumewasifu waume zetu kwa kifua cha namna hiyo miaka mingi. Lakini Maandiko yanakijua pia kile kifua kingine. Fungua Kumbukumbu la Torati 1:31 uone Musa anavyowakumbusha Waisraeli safari ya jangwani: Mungu aliwabeba njia nzima jinsi mtu ambebavyo mwanawe. Musa hakutafuta mfano wa jemadari wala wa mfalme, na nchi ile ilikuwa ya vita. Alichukua mfano wa baba aliyechoka, mwenye mtoto mwilini. Ukiendelea mpaka Hosea sura ya 11 utakuta Mungu mwenyewe anaeleza alivyomfundisha Efraimu kutembea, akimshika mikono, akimlisha. Na Zaburi 103:13 inaipima huruma ya Bwana kwa huruma ya baba kwa watoto wake. Nikiisoma hiyo Zaburi katika kikao cha kina mama huwa najiuliza: mtoto wa yule mama wa pikipiki, akisikia kwamba Mungu ni kama baba, anaelewa nini? Anaelewa kwamba Mungu yuko karibu, au kwamba akimbie chini ya kitanda?

Wengine mtaniambia, "Mume wangu huruma anayo, ila haionyeshi." Naamini kabisa. Daudi naye alikuwa nayo. Soma habari za Absalomu katika 2 Samweli, kuanzia sura ya 13. Kijana alimuua ndugu yake, akakimbilia Geshuri miaka mitatu, na baba yake akawa anamtamani moyoni. Hatimaye akaruhusiwa kurudi, lakini akakaa Yerusalemu miaka miwili kamili bila kuuona uso wa mfalme. Miaka miwili katika mji mmoja! Tunajua mwisho wake: vita, mti, na baba anayelia chumbani juu ya lango akiita jina la mtoto ambaye hawezi tena kumsikia. Sisemi Daudi hakuwa na la kumkasirikia. Damu ilikuwa imemwagika. Nasema tu kwamba yale machozi yalikuwapo muda wote, na mtoto hakuwahi kuyaona. Nyumba ngapi za Wakristo leo mtoto analala chini ya paa moja na baba yake, na uso wake hauoni ila siku ya kuchapwa au siku ya matokeo ya mtihani?

Sasa nije kwetu sisi kina mama, na hapa nitaanza na mimi mwenyewe, maana nisingependa udhani nazungumza nikiwa nimekaa juu ya ghorofa.

Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka tisa alikuwa mtundu kupita kiasi. Mimi nikitoka zamu ya usiku nimechoka, sina nguvu ya kufukuzana naye, nilipata dawa rahisi: "Ngoja baba yako aje." Maneno manne tu, na nyumba inatulia. Siku moja alivunja kioo cha jirani kwa mpira, saa nne za asubuhi. Nikamwambia maneno yale. Kutwa nzima mtoto hakula sawasawa. Baba yake akaja jioni, amebeba ndizi mbivu alizonunua njiani, hata kuketi hajaketi, nikamsomea mashtaka. Alikuwa amechoka naye. Akamchapa. Ndizi zikabaki mezani hakuna aliyezigusa.

Wiki chache baadaye nikaona mtoto ameanza kukojoa kitandani, na hiyo ilikuwa imekwisha tangu akiwa na miaka minne. Mimi muuguzi, nikampima mkojo, nikatafuta minyoo, nikatafuta kila kitu. Usiku mmoja mume wangu akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo muda mrefu, "Mama, umenifanya askari wa nyumba hii. Wewe unakaa na watoto, mimi nikirudi nakuta kesi. Nikipita koridoni huyu mtoto anajibana ukutani. Mimi nilimfanya nini?" Sikuwa na jibu. Niliona aibu kwa sababu nilikuwa nimemlalamikia mara nyingi mbele ya marafiki kwamba hana ukaribu na watoto.

Tangu hapo tulikubaliana kwamba kosa la asubuhi linamalizwa asubuhi, na aliyeliona. Kioo kimevunjwa, mtoto anakwenda na mimi kuomba radhi kwa jirani, na anapunguziwa mchezo. Baba akirudi anasimuliwa na mtoto mwenyewe, baadaye, chakula kikiwa kimeliwa. Haikuwa rahisi. Yale maneno manne yalinijia mdomoni mara nyingi, na mara nyingine yalitoka.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi kwangu, nalo ni kunyamaza. Mume wangu alianza kumwogesha mdogo wetu Jumamosi. Maji yanajaa sakafuni, sabuni inaingia machoni, nepi inafungwa kinyume. Akapika uji ukashika chini. Mimi nimesimama mlangoni mikono inaniwasha, ulimi nao. Tunasema tunataka waume wasaidie, lakini akishika mtoto tunamnyang'anya: lete, humwezi, utamwangusha. Mwanamume mzima hakubali kuaibishwa mara tatu mbele ya watoto wake. Mara ya nne anachukua redio yake anakwenda kukaa nje. Yule fundi muashi alisema kwa maneno mawili, basi nikaacha, nami nilipoyasikia nilijua yule ni mume wangu na ni waume wa kina mama wengi ninaowajua.

Najua swali litakalokuja, kwa sababu huulizwa kila mara: je, mtoto asiporudiwa hataharibika? Atahitaji kurudiwa, ndiyo. Kuhani Eli aliwapenda wanawe asiwazuie, na nyumba yake ikaanguka. Lakini nimesafisha na kufunga vidonda vya watoto waliopigwa kwa waya na kwa mkanda, na waliowaleta wakanitajia mistari ya Mithali. Wakumbuke pia kwamba mtume Paulo alipowaandikia Waefeso (6:4) na Wakolosai (3:21), onyo la kutowachokoza watoto mpaka wakate tamaa aliwaelekezea kina baba kwa jina. Naye yule baba wa Luka 15, kijana wake alikuwa bado mbali, mzee akatoka mbio. Katika nchi zile mzee mwenye heshima hakimbii hovyo, kama ambavyo hata kwetu mzee hakimbii. Alikimbia mbele ya watumishi wake wote, na mtoto hakuwa ameoga.

Kuna kina mama ambao wakisoma haya watalia, kwa sababu nyumbani kwao baba anapiga kiasi cha kuumiza, au anarudi amelewa na watoto wanalala kwa jirani. Dada yangu, usichukue niliyoyaandika ukajilaumu. Yule hakunyimwa nafasi na wewe, wala sikuambii umkabidhi mtoto kwa matumaini kwamba atabadilika. Mlinde mtoto kwanza. Nenda ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto polisi, au piga simu namba 116, ni bure, kwa Tanzania na kwa Kenya pia. Mchungaji aambiwe, na akikuambia uvumilie tu na kuomba, mtafute mzee wa kanisa mwingine. Maombi tutaomba, mtoto akiwa mahali salama.

Na wewe uliye peke yako, mjane au uliyeachwa, usidhani ukurasa huu haukuhusu. Mtoto wako ana babu au mjomba, na usharikani wapo wazee wenye moyo. Yule mjane aliyetuuliza swali aliniambia baadaye kwamba wanawe wawili walifundishwa kunyoa ndevu na kufunga tai na kaka yake, aliyekuwa anakuja kila mwisho wa mwezi kwa baiskeli. Alipomaliza kuniambia akaongeza kwamba marehemu mumewe alikuwa mkali, watoto walimwogopa, na siku ya mazishi mdogo alimwuliza, "Mama, baba alikuwa ananipenda?" Akamjibu ndiyo. Lakini anasema hakuwa na hata jambo moja la kumtajia kama ushahidi. Nikaelewa kwa nini siku ile hakucheka na sisi.

Basi mwezi huu, kama una mtoto mchanga, mwachie baba yake nusu saa jioni, shati wazi, mtoto kifuani, nawe nenda ukaoge kwa utulivu. Usichungulie. Kama watoto wako ni wakubwa, mwombe mumeo jambo moja dogo ambalo ni lake na mtoto mmoja tu: kwenda naye sokoni, kutengeneza baiskeli, kumsindikiza kipaimara. Usimwekee masharti, na wakirudi usiwahoji kama hakimu. Akikataa mwezi huu, mwombe tena mwezi ujao bila kununa. Wengi wao hawakubebwa na baba zao, na jambo ambalo mtu hakutendewa hulianza kwa woga.

Yule mwanangu wa kioo sasa yuko chuoni. Juzi Jumapili alipiga simu nikiwa nachambua mchele. "Shikamoo mama. Hamjambo? Baba yupo?" Nikampelekea baba yake simu pale nje. Waliongea muda mrefu, sijui nini, sikuuliza. Mchele nilikuwa nimekwisha kuutia jikoni ndipo aliponirudishia.

Habari za kumwachisha mtoto ziwa tutazungumza mwezi ujao, Bwana akitupa uzima.